Mbwa Aliyechanjwa

Mbwa wa Mzee Rabson aliitwa Uliza Kwanza, na watu wa Isongole walijua vizuri jina hilo linawaendea akina nani. Kwetu mtu akiwa na neno na majirani, halisemi. Anafuga mbwa, anampa neno lile liwe jina, kisha asubuhi na jioni anamwita kwa sauti ya juu. Mzee Rabson alikuwa na neno na wale wanaokatiza shamba lake la kahawa kufupisha njia ya kwenda mpakani. Basi kila ukipita ungesikia, "Uliza Kwanza, njoo ule," na mwenye kusikia akasikia.

Jenista hakuwa na shida na jina wala na mbwa. Walipakana na Mzee Rabson kwa ua wa miti tu, na mbwa yule alimjua tangu akiwa kitoto kisichoweza hata kuruka mfereji. Ukoko wa ugali ukibaki, Jenista alikuwa akimtupia. Mkia ulivyokuwa ukitikiswa pale uani, ungedhani ndiye mwenye mbwa.

Ndiyo maana asubuhi ile alipomwona anakuja hakujisumbua hata kugeuka vizuri. Alikuwa ameinama anaanika maharage kwenye turubai. Uliza Kwanza alikuja kimya kimya, kichwa chini, akamshika mguu nyuma, kwenye nyama ya chini ya goti, akauma kweli kweli. Kisha akaachia, akaenda zake akiyumba kidogo, hana habari na mtu. Jenista alibaki amekaa juu ya maharage, damu inamtoka, na kilichomuuma zaidi, haki ya Mungu, kilikuwa ni ule ukoko wote wa ugali.

Alifanya jambo la maana. Aliliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akaendelea kumwaga maji hata mwanawe Brenda akamwambia mama, basi, umemaliza dumu. Kisha akafunga kitambaa, akavuta mguu mpaka kwa jirani, maana lilikuwapo swali moja tu la kuuliza.

"Baba, shikamoo. Nisamehe kwa kuuliza. Huyu mbwa wako amechanjwa?"

Mzee Rabson alikwisha kumpa pole mara nyingi, na kweli alisikitika, lakini swali hilo lilimgusa pabaya. Mtu mzima yule alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyesimama mbele na kusoma matangazo, ndiye aliyewaonya vijana Jumatano kwa Jumatano waache pombe na waganga. Kumuuliza kama ametii sheria ya kijiji ilikuwa kama kumuuliza mchungaji kama anaijua sala ya Bwana.

"Mama Brenda," alisema, "mimi ni mtu wa kuchezea sheria? Amechanjwa. Tena mwenyekiti alipotangaza, wangu alikuwa amechanjwa zamani."

Na hilo lilikuwa kweli, watu walilikumbuka. Mwenyekiti wa kitongoji alipopita na kipaza sauti kutangaza kwamba kila mwenye mbwa amchanje, amfunge mchana, na mbwa akimuuma mtu mwenyewe atabeba matibabu, Mzee Rabson alitoka barabarani akajibu mbele ya kadamnasi, "Wangu alishachanjwa, wasumbueni hao wengine." Mwenyekiti akampongeza. Angemwomba cheti? Nani amwombe Mzee Rabson cheti?

Kwa hiyo Jenista akarudi nyumbani moyo mweupe. Alikuwa amepanga, jibu likiwa baya, aende hospitali Itumba siku hiyo hiyo. Jibu halikuwa baya. Na alikuwa na haraka zake: mumewe, Jonasi, alikuwa ametangulia Kamsamba, walikokodi shamba la mpunga, na alimtumia ujumbe kwamba mpunga umeiva, ndege wanamaliza, mke wangu njoo. Kazi ya mpunga huko tambarare si ya siku mbili. Ukishashuka kwenye joto lile unakaa shambani, mbali na kila kitu, mpaka gunia la mwisho lishonwe.

Siku chache baadaye Uliza Kwanza akafa. Alikataa uji, akakataa maji, akatafuna kigogo cha mlango, sauti ikamkauka. Mwishowe alikutwa chini ya mibuni amekauka. Mzee Rabson alimzika mwenyewe, akasema wamemlisha sumu, na akawataja kwa mafumbo wale wa njia ya mkato. Jenista alisikia, akamwonea huruma, akaenda kumpa pole ya mbwa. Hebu fikiria. Mtu ana jeraha la meno kwenye mguu, anakwenda kumpa pole mwenye meno.

Jeraha likaanza kufunga. Jenista akafunga mizigo.

Siku ya safari, fuso la kwenda Mpemba lilikuwa limesimama sokoni likipakia maharage. Jenista alikuwa amekwisha kupanda, amekaa juu ya magunia pamoja na wengine, kikapu mapajani. Pembeni yake alikaa Mama Mercy, mwimbaji mwenzake wa kwaya, mwanamke mwema ila ni redio isiyohitaji betri. Dereva, Efraimu, alikuwa anazungusha kamba ya mwisho. Hapo ndipo walipomwona Mzee Rabson.

Alikuwa anakimbia. Hakuna aliyewahi kumwona Mzee Rabson akikimbia. Hata mvua ikimkuta njiani hutembea vile vile na heshima zake. Siku hiyo alikuwa anachanja mbuga, na mnisamehe neno hilo, maana ndilo lililoleta balaa lote. Koti lilikuwa begani, kiatu kimoja kimelegea. Alitoka upande wa ofisi ya kijiji, ambako tangu asubuhi watu walikuwa wamepanga foleni na mbwa wao kwenye kamba, kwa sababu afisa mifugo alikuwa amekuja na chanjo.

"Mama Brenda," alisema akihema, mkono ameshika ubao wa gari. "Shuka."

Jenista aliinama. "Kuna nini, baba? Brenda?"

"Brenda mzima, yuko shule. Wewe shuka tuongee pembeni."

"Mzee, tunaondoka," Efraimu alisema.

Jenista aliangalia mizigo yake iliyofungwa chini ya magunia ya watu. "Baba, nikishuka gari litaniacha, na Jonasi ananisubiri. Sema tu hapo hapo, nakusikia."

Mzee Rabson alinyanyua macho. Juu ya magunia walikuwa wamekaa watu aliowajua wote, na zaidi ya nusu walikuwa wa kanisa lake. Mama Mercy alikuwa amekwisha kuinama mbele ili asikose neno. Jenista alimwona mzee anawatazama mmoja mmoja, anavuta koti begani. Akadhani labda ni habari ya michango ya kwaya, akaanza hata kukasirika kidogo.

"Ni ile chanjo ya mbwa," Mzee Rabson alisema.

"Imefanyaje?"

"Haikuwa chanjo."

"Si ulisema alichanjwa?"

"Alichanjwa, mwanangu. Kwa wembe."

Hata mtu aliyekuwa chini akigombania nauli akageuka kusikiliza. Mzee Rabson akaendelea kwa sauti ya mtu anayebomoa nyumba yake mwenyewe tofali kwa tofali. Alisema wezi wa mbuzi walimchosha, akamleta mtu kutoka mbali, akamchanja mbwa chale nyuma ya masikio na juu ya pua, akampaka dawa ili awe mkali. Nyigu waliokaangwa, na vitu vingine asivyovijua. Akasema neno la kuchanja yeye alilijua hivyo tangu utoto kwa baba yake, mbwa anachanjwa kwa wembe, na mwenyekiti alipotangaza, yeye alifikiri serikali nayo imeanza kupenda mbwa wakali. Leo amemwona yule binti wa mifugo ana sindano. Akamuuliza, na chale za wembe je? Binti akacheka. Kisha akamuuliza mbwa mwenyewe yuko wapi, na amekufaje, na alipoelezwa hakucheka tena.

"Hakulishwa sumu," alisema Mzee Rabson. "Alikuwa na kichaa. Na wewe alikuuma. Shuka, twende hospitali. Nakuomba."

Sasa mimi nataka tulielewe jambo hili vizuri, maana watu hulipita haraka. Mbwa alikuwa ardhini, na chale zake zilikuwa ardhini pamoja naye. Hakuna mtu mwingine wa Isongole aliyejua ni za nini. Angekaa kimya, Jenista angekwenda zake Kamsamba, na siku moja ingeletwa habari kwamba amefia huko, na watu wangesema ni malaria ya tambarare, au wangesema ni mkono wa mtu. Mzee Rabson angesimama mbele akasoma tangazo la msiba wake, na hakuna ambaye angejua. Lakini alisimama pale sokoni, mzee wa kanisa, adui wa waganga, akayasema yote kwa Mama Mercy.

Jenista hakuyafikiri hayo wakati ule. Wakati ule alitaka kumpiga. Alishuka, na alipofika chini alimwambia maneno ambayo mtu hamwambii aliyemzidi umri. Mzee Rabson aliyapokea yote. Fuso likaondoka na mizigo yake, na kikapu tu kikabaki mkononi.

Afisa mifugo, Fides, alikuja na pikipiki yake mpaka pale pale. Alikuwa msichana mwembamba mwenye buti kubwa kuliko miguu. Aliutazama mguu, akauliza kama jeraha lilioshwa, na aliposikia habari ya sabuni na dumu zima la maji, akasema ahsante Mungu.

"Dada, nisikilize. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Zisipoanza, dawa ipo, na bado hazijaanza. Twende." Kisha, akifunga kofia, akaongeza kwa ukali kidogo: "Na siku nyingine mbwa akikuuma usimuulize mwenye mbwa, nenda hospitali. Hata kama ana cheti ukutani, wewe nenda. Mengine yataulizwa huko."

Halafu akamgeukia Mzee Rabson. "Nani alimlisha huyo mbwa alipougua? Nani alimzika?"

"Mimi."

"Na mate yake yakakugusa mikononi. Na wewe panda."

Basi wakapanda mshikaki, Fides mbele, Mzee Rabson katikati na koti lake, Jenista nyuma. Serikali yenyewe ilivunja sheria siku hiyo, na trafiki yeyote angekuwa na haki ya kuwashusha. Kwenye kona za milima Jenista alilazimika kulishika koti la mzee asianguke, na alikuwa analishika huku anamchukia.

Itumba chanjo ilikuwapo. Hilo Jenista aliliandika moyoni: alifika, akaulizwa, akapelekwa, na chanjo ilikuwapo. Walimwosha tena jeraha, wakamchoma sindano karibu na kovu na nyingine begani, wakampa tarehe za kurudi. Mzee Rabson alichomwa baada yake. Alikunja shati mwenyewe, akageuza uso pembeni kama mtoto, na muuguzi alipotoa sindano akasema polepole, "Kumbe ndiyo hii."

Jenista alicheka. Hakutaka, kilimtoka tu, na kikaja na machozi nyuma yake. Alilia pale kwenye benchi la hospitali, akalia woga wote, na Mzee Rabson akakaa karibu naye.

Zilifuata siku za kuogopa maji. Jenista alikuwa ameambiwa ugonjwa ule humfanya mtu ashindwe kumeza, basi kila alfajiri, kabla hajasalimiana na mtu, alijaza kikombe na kunywa. Koo likikwaruza kidogo tu, mwili mzima ulikuwa unakufa ganzi. Maji yakishuka, alikuwa anakaa kwenye kigoda jikoni akimshukuru Mungu mpaka moto unazimika. Hajawahi kuyapenda maji kama siku zile.

Jonasi alipanda kutoka Kamsamba akamwachia ndugu yake mpunga, naye alifika amevimba kwa hasira, anataka mzee ashitakiwe. Jenista alimwacha amalize.

"Nani aliyekuja kunishusha kwenye gari?" alimuuliza.

Jonasi akamrudishia swali: na mbwa alikuwa wa nani?

"Mbwa aliniuma, nikanyamaza nikapanda gari," Jenista alisema. "Sikujua kitu. Wewe ungekuwa unanizika huko, na usingejua umenizika kwa nini. Huyo mzee alikuwa na siri ambayo hakuna mtu angemnyang'anya, akaja nayo mbio. Usimguse."

Hasira yake yeye mwenyewe ilikuwa imekwisha, hajui iliisha lini. Labda ilizimikia kwenye vikombe vya maji.

Kijiji kilimtoza Mzee Rabson faini kwa sheria ndogo, akalipa bila ubishi. Foleni ya chanjo nayo ikawa ndefu kuliko kawaida, na mpaka leo ukisema Isongole kwamba mbwa wako amechanjwa, mtu atakuuliza, "Sindano au wembe?" Watu hucheka. Mzee Rabson naye alijifunza kucheka nao, ingawa kicheko chake kilikuwa kifupi.

Kanisani hawakucheka. Wazee walikaa, wakamwita, naye hakukana. Mganga ni mganga, hata akiitwa kwa ajili ya mbwa. Wakamvua uzee wa kanisa, wakamzuia meza ya Bwana, na kwa utaratibu wa pale mtu aliyetengwa hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na hasogei mbele kwa jambo lolote mpaka muda wake wa kutubu uishe. Jumapili ya kwanza, mtu mwingine aliposoma matangazo, Jenista akiwa kwaya alitazama nyuma akamwona. Alikuwa amekaa peke yake, mikono magotini, amevaa koti lile lile alilolishika kwenye pikipiki. Jenista alishindwa kuimba ubeti uliofuata.

Alimaliza sindano zake zote. Akangoja, miezi ikapita, akawa mzima. Ndipo alipomwambia mchungaji kwamba ana shukrani.

Shukrani kwetu inajulikana. Mwenye shukrani huanzia mlangoni na alichonacho, kwaya inaimba, ndugu na majirani wanamsindikiza wakicheza polepole mpaka mbele, na mchungaji anaipokea pale na kuiombea. Jenista alijaza beseni mchele wa Kamsamba, ule ambao nusura aukose. Juu yake akaweka jogoo aliyefungwa miguu. Jonasi alimsaidia kulitua mlangoni, wimbo ukaanza, watu wakaacha viti vyao wakaja kumsindikiza, na Mama Mercy alikuwa wa kwanza.

Jenista alilibeba beseni, akavuka mlango, akapiga hatua chache akiwa na msafara mrefu nyuma yake. Alipofika kwenye benchi la nyuma akalitua chini, mbele ya miguu ya Mzee Rabson, akasimama.

Kwaya iliimba, ikarudia, ikaanza kupotea sauti moja moja. Mchungaji alikuwa amesimama kule mbele, mikono tayari.

"Karibu, Mama Brenda," aliita. "Sogea mbele."

"Mchungaji, nimefika," Jenista alisema.

Mzee Rabson alimnong'oneza, "Mwanangu, nenda, usifanye hivyo," na Jenista akatikisa kichwa.

"Mchungaji, mimi sina elimu ya mambo ya kanisa," alisema. "Adhabu mliyompa sibishani nayo. Ila shukrani yangu ni ya mtu huyu. Bila yeye ningekuwa nimeoza. Mimi nikija huko mbele na yeye akabaki hapa, nitakuwa nimemshukuru nani? Nakuomba, kama hutajali, uje uipokee hapa."

Mchungaji alikuwa mtu wa utaratibu, na wazee wote walikuwa wanamtazama. Kisha akashuka. Alipita katikati ya kanisa peke yake, viatu vyake vinasikika, na watu waliokuwa wamebaki vitini wakageuka benchi kwa benchi kadiri alivyopita, mpaka kanisa zima likawa linatazama mlangoni. Akafika, akaweka mkono juu ya beseni, akaomba. Alimshukuru Mungu kwa uhai wa Jenista, kwa madaktari, kwa binti wa mifugo. Hapo Jenista akafumbua jicho moja kumtazama.

"Na kwa Rabson," mchungaji alisema, "aliyesema kweli ikamgharimu."

Waliitikia amina. Beseni lilikuwa zito, na sadaka ni lazima ifike madhabahuni. Jonasi aliinama kulibeba, lakini mchungaji alimzuia kwa mkono.

"Baba," alimwambia Mzee Rabson, "nisaidie upande huo."

Mzee Rabson alimtazama kama hakusikia. Kisha akainuka. Akashika upande mmoja wa beseni, mchungaji akashika wa pili, wakaenda nalo mbele taratibu wasimwage mchele. Jenista alifuata nyuma yao akilia bila kujificha, na Mama Mercy akaushika wimbo pale ulipokuwa umekatikia.